Kuku wa Kihara

Jumatatu, 3 Juni 1996

Nimerudi kazini leo. Ukungu tangu alfajiri. Mlima haukuonekana, na hata miti ya ua wa kituo cha utafiti ilionekana nusu tu. Watiri, fundi wa maabara, alinikumbatia mlangoni akalia. Nilimpigapiga mgongoni mpaka akanyamaza, utadhani yeye ndiye aliyefiwa. Kisha tukavaa makoti meupe tukaingia.

Jumanne, 4 Juni

Ukungu. Nilitia chumvi kwenye chai badala ya sukari nikainywa yote.

Alhamisi, 6 Juni

Naandika kwa Kiswahili kwa sababu ndicho kilichokuwa lugha ya nyumba yetu. Mimi ni Mmeru wa Chogoria, mume wangu Kihara alikuwa Mkikuyu wa Kiriaini. Mwaka wa kwanza wa ndoa alijaribu Kimeru akashindwa, nami nikajaribu Kikuyu, mama yake akacheka hadi akashika mbavu. Basi tukakutana katikati. Kihara alifariki mwezi wa tatu kwa homa ya mapafu. Alikuwa mwalimu wa hesabu, na hakuwahi kuvuta sigara. Watu huuliza hilo la sigara. Tangu azikwe, nyumbani hakuna wa kuzungumza naye, na nimeona maneno yanaanza kunipotea. Ndiyo sababu ya daftari hili.

Kazi nayo niiandike, maana ndiyo iliyobaki. Kideri ni ugonjwa wa kuku unaokaba pumzi. Huingia vijijini msimu huu wa baridi, na ukiondoka huacha vibanda vitupu. Chanjo ya zamani ipo na inafanya kazi, lakini lazima ikae kwenye friji, na chupa moja inatosha kuku mia tano. Mama mwenye kuku kumi ataifanyia nini? Daktari Moffat Ngatia, mkuu wetu, ametumia miaka minane kutafuta njia nyingine. Alichukua kirusi dhaifu cha ndui ya kuku akakipandikiza jeni moja tu ya kirusi cha kideri. Kuku anadungwa kwenye ngozi ya bawa, anatoka kidonda kidogo cha ndui, na mwili wake unajifunza sura ya kideri bila kukutana nacho. Tena chanjo hii ikikaushwa haiogopi joto. Mtu anaweza kuibeba ndani ya kiondo hadi shambani.

Mimi ndiye ninayekikuza kirusi hicho. Kabla ya Machi nilikuwa nikiamka nikikifikiria.

Ijumaa, 14 Juni

Leo tumewapa kideri vifaranga wa jaribio la kwanza, wale walionunuliwa kwa mfugaji mkubwa. Tone moja kwenye jicho. Waliochanjwa wako chumba chao, wasiochanjwa chumba chao. Jamleck, anayewalisha, haipendi siku hii. Aliomba Mungu kwa sauti kabla hatujafungua mlango.

Jumatano, 19 Juni

Wasiochanjwa wameanza. Wananyoosha shingo, wanafungua mdomo, na kila pumzi inatoka na mlio kama bawaba yenye kutu. Naijua sauti hiyo. Niliandika: wanapumua kwa shida. Kisha nikaenda chumba cha pili. Huko wanakula.

Jumatatu, 24 Juni

Wasiochanjwa wamekufa wote. Waliochanjwa wako hai wote.

Daktari Ngatia alileta kreti ya soda, akatoa hotuba fupi. Watiri alicheza katikati ya meza za maabara na Jamleck akampigia makofi. Kila mmoja alinitazama aone kama nitatabasamu, nikatabasamu. Nadhani ilitoka sawasawa.

Ngatia hajalitaja jina la Kihara tangu nirudi. Hakuja mazishini. Huvaa tai chini ya koti la maabara na huniita Daktari Kagendo hata tukiwa wawili tu chumbani. Zamani nilimwona mtu wa kiburi. Siku hizi namwona afadhali kuliko wale wanaonishika mkono na kuuachilia polepole.

Alhamisi, 27 Juni

Manyunyu. Hakuna jipya.

Jumanne, 2 Julai

Ngatia anasema vifaranga wa mfugaji mkubwa hawatoshi. Chanjo ni ya kuku wa kienyeji, basi ijaribiwe kwa kuku wa kienyeji. Ni kweli. Jamleck alizunguka Mukurwe-ini siku mbili akarudi mikono mitupu. Watu wanasema serikali ikichukua kuku hairudishi. Na hilo pia ni kweli.

Jumamosi, 6 Julai

Nilienda Kiriaini na gari la kituo. Sikuwa nimefika tangu matanga. Migomba ya pale kaburini imewekewa magogo isianguke.

Wacera, mama mkwe wangu, alikuwa ameketi mlangoni pa jiko akipepeta maharagwe. Hakusimama. Alinitazama kuanzia viatu hadi kichwa.

"Umekonda," alisema. "Ingia."

Nilimweleza tunachotafuta. Nilitaka anionyeshe majirani watakaokubali, nisitembee mteremko mzima nikikataliwa.

"Mnataka ngapi?"

"Thelathini wangetosha, Mama."

"Chukua za Kihara."

Ndivyo mteremko wote unavyowaita, kuku wa Kihara. Kwa mshahara wake wa kwanza wa ualimu alimnunulia mama yake matetea matano na jogoo. Wakazaana. Kila likizo alikuwa akirudi kuongeza chumba kwenye kibanda, hadi kikawa kirefu kuliko jiko.

"Hawatarudi, Mama," nilisema. "Hata watakaopona hawatarudi. Ndiyo sheria, wasije wakaleta ugonjwa huku."

"Ati hata moja?"

"Hata mmoja."

Aliendelea kupepeta. Maharagwe yaliruka na kuanguka, yakaruka na kuanguka.

"Na hiyo dawa ikifanya kazi, itakuja hapa kwetu?"

"Itakuja."

"Basi beba zote. Nimechoka kuamshwa na jogoo ya mtu hayuko."

Tuliwakamata na dereva, kila kuku mguu wake ukafungwa uzi. Mama aliwashika wengine mwenyewe, akawatia kikapuni. Sikumwambia kwamba nusu yao hawatachanjwa. Nilikuwa nimesimama pale nikitafuta sentensi ya kuanzia, dereva akapiga honi.

Jumatano, 10 Julai

Tumewatoa damu kidogo wote, na tumegawa makundi. Tuliandika namba za pete tulizowavika miguuni kwenye vipande vya karatasi, tukavitia kwenye bakuli, na mimi nikachota. Nusu chanjo, nusu hapana. Jogoo mwekundu, yule Kihara alikuwa akimwita Naibu Mwalimu Mkuu kwa sababu ya mwendo wake, aliangukia hapana.

Watiri aliniona nimekishika kile kipande.

"Si urudishe tu, uchote kingine," alisema. "Nani ataona?"

Nilikiweka kwenye rundo la hapana. Sikuwa nikishindana na dhamiri. Mkono ulikuwa umeshakwenda.

Alhamisi, 18 Julai

Baridi ya kukata vidole. Madirisha yamelowa kwa ndani. Baadhi ya waliochanjwa wana kidonda kidogo kwenye bawa, wengine hawana. Nililiona hilo, nikaliandika, nikaenda kunywa chai.

Jumatano, 24 Julai

Jogoo huwika saa za kazi. Jamleck anasema amechanganywa na taa.

Jumatano, 31 Julai

Leo nimewapa kideri. Jamleck anashika kuku, Watiri anasoma namba ya pete, mimi natia tone. Kuku akiona kitu kinakaribia jicho hufumba, basi unangoja. Akifumbua, unatia. Nilifanya hivyo kwa kila mmoja wa kuku wa Kihara. Jamleck alinitazama mara kadhaa, kisha akaacha kunitazama.

Jumapili, 4 Agosti

Sikwenda kanisani. Nilikwenda kwenye vyumba. Wawili wameanza kunyoosha shingo.

Jumanne, 6 Agosti

Mlinzi aliniita kwa simu ya ndani: "Daktari, kuna mama hapa anasema wewe ni mtoto yake."

Nilitoka nikiwa na ovaroli na buti, nikapita kwenye beseni la dawa. Mama Wacera alikuwa amesimama nje ya geti, amejitanda leso mbili juu ya sweta, mkungu mdogo wa ndizi miguuni. Alikuwa ametoka Kiriaini kunitazama, basi. Alisema aliniota. Sikuweza kumsogelea kwa ajili ya nguo nilizovaa, nikabaki hatua chache ndani ya geti, tukasalimiana hivyo, kama watu wanaouziana kitu.

Vyumba vya kutengea kuku wagonjwa viko karibu na ua, na matundu yao ya hewa yanatazama barabara. Mama aligeuza kichwa.

"Hiyo ni nini?"

"Ni kuku, Mama."

"Ni zetu?"

"Ndiyo."

Alisikiliza. Nilimwona anasikiliza kwa mwili mzima, kama mtu anayengoja kuitwa. Mlio ulikuja, ukakatika, ukaja tena.

"Si mlizichanja?"

"Tuliwachanja nusu."

"Nusu."

"Lazima wengine wasichanjwe, Mama. Vinginevyo hatuwezi kujua kama chanjo ndiyo..."

"Na hii ugonjwa ilitoka wapi? Ilikuja na upepo?"

"Tuliwapa sisi."

"Sisi nani?"

Mlinzi alikuwa ameacha kusoma gazeti lake. Ningeweza kusema kituo. Ningeweza kusema Daktari Ngatia.

"Mimi," nilisema. "Niliwatia kwa mkono wangu. Mmoja mmoja."

"Hata jogoo?"

"Hata jogoo."

Hakupiga kelele. Aliinama akaufunga mkungu wa ndizi vizuri na leso moja, kana kwamba ataurudisha nyumbani, halafu akaona mzigo ni mzito akauacha pale pale chini.

"Nilikupatia hizo kuku nikidhani utaziweka kama macho," alisema. "Wewe ni mtu ya aina gani, Kagendo?"

Nililifikiria swali hilo kama la mtihani. Nilipoinua macho alikuwa ameshafika kwenye kona ya barabara, akitembea kwa haraka, leso moja tu mabegani.

Ndizi nilimpa mlinzi.

Alhamisi, 8 Agosti

Wasiochanjwa wanakufa. Jogoo leo asubuhi.

Ijumaa, 9 Agosti

Waliochanjwa pia.

Jumatatu, 12 Agosti

Kundi la chanjo wamebaki watatu. Watatu, na tulitarajia wote. Watiri alisema labda nimekosea chupa. Nikaangalia chupa. Akasema labda sindano. Nikaangalia sindano. Aliongea sana leo. Watu wengine hofu huwafanya waongee.

Jioni nilipeleka mizoga kwenye tanuri nyuma ya kituo. Daktari Ngatia alikuwa amesimama huko peke yake katika manyunyu, tai ikiwa imemganda shingoni. Niliwaza amekuja kunilaumu. Alishika mpini wa mlango wa tanuri akanisaidia kufungua. Tulipomaliza hakuondoka.

"Sikuja mazishi ya mume wako," alisema.

"Najua."

"Nilivaa suti. Nilifika hadi pale kwenye daraja la Kiriaini. Nikakaa ndani ya gari. Mimi sijui kusema maneno ya matanga, Daktari Kagendo. Nikageuza gari."

Moshi ulikuwa ukirudi chini kwa sababu ya unyevu. Nilimwambia ni sawa. Kisha nikagundua ni mara ya kwanza mtu kuniambia jambo kuhusu siku ile ambalo sikulijua.

Ijumaa, 16 Agosti

Nimeipata sababu.

Ile damu tuliyowatoa kabla ya chanjo ilikuwa imekaa kwenye friza. Nimeipima yote, si kwa kideri bali kwa ndui. Karibu kuku wote wa Kihara waliwahi kuugua ndui ya kawaida, ile ya vijijini, inayowaacha na mapele kwenye upanga wa kichwani kisha wakapona. Miili yao ilikuwa inaijua ndui. Chanjo yetu ni ndui iliyobeba kipande cha kideri. Ilipoingia, mwili ulimkamata mbebaji mlangoni, na mzigo wake haukufunguliwa kamwe. Ndiyo maana wengine hawakutoka kidonda kwenye bawa. Nililiona hilo tarehe kumi na nane Julai nikaenda kunywa chai.

Kati ya waliochanjwa, wale watatu waliopona ndio pekee ambao hawakuwa na kinga ya ndui katika damu.

Vifaranga wa mfugaji mkubwa walikuwa hawajawahi kuugua kitu. Hiyo ndiyo siri yote ya kreti ya soda.

Jumamosi, 17 Agosti

Wale watatu tumewaua leo, kama sheria inavyotaka.

Jumanne, 20 Agosti

Nilimpelekea Ngatia majibu. Alisoma akiwa amesimama, akaketi, akasoma tena. Wiki ijayo anaenda Nairobi kueleza kamati.

"Tutapeleka jaribio la kwanza," alisema. "Hili la pili lilikuwa na kasoro."

"Kasoro gani?"

"Kuku hawakuwa safi."

"Hakuna kuku safi Kiriaini, Daktari. Wala Kerugoya, wala kwetu Chogoria. Ndui iko kila mahali. Chanjo tuliwatengenezea hao hao."

"Miaka minane, Kagendo." Lilikuwa jambo geni, kuitwa hivyo naye. "Nikisema hivi, watafunga mradi."

"Basi sema bila jina langu. Mimi sitatia sahihi kwenye nusu ya matokeo."

Sikupandisha sauti. Zamani ningekwenda kulia chooni. Leo nilisema kama mtu anayetaja bei ya sukari. Alivua miwani akaipangusa kwa ncha ya tai. Alionekana mzee.

Jumatano, 21 Agosti

Ukungu. Hatukusemeshana.

Ijumaa, 23 Agosti

Ngatia alikuja kwenye meza yangu akaweka karatasi. "Nimeweka yote," alisema. "Soma, uniambie kama Kiingereza kimekuwa kikali sana."

Hakikuwa kikali. Kilikuwa wazi. Nikatia sahihi.

Jumanne, 27 Agosti

Jamleck ana ndugu Kangari. Anasema kideri kimeingia sokoni huko tangu wiki jana, si chetu, ni cha kawaida cha kila mwaka. Wafanyabiashara wananunua kuku wanaosinzia kwa bei ya kutupa na kuwapeleka masoko mengine. Kutoka Kangari hadi Kiriaini si mbali kwa kuku aliye ndani ya tenga.

Alhamisi, 29 Agosti

Ngatia amerudi. Hawakufunga, ila wametuambia turudi nyuma, tuanze na vifaranga wa siku moja, kabla ndui haijawafikia. Miaka mingine mitatu au minne. Alitueleza akiwa amesimama, kisha akauliza kama kuna chai.

Jioni hii nimepata ujumbe kwa mwalimu mmoja wa Kiriaini aliyekuja mjini: Mama Wacera anataka nifike Jumamosi.

Jumamosi, 31 Agosti

Alikuwa ameketi kwenye benchi ndani ya jiko, moto mdogo. Kibanda cha kuku kimefungwa mlango kwa waya. Alinipa kiti, hakunipa mkono.

"Sikukuita kwa sababu nimesahau," alisema.

"Ndiyo, Mama."

"Ilifanya kazi? Hiyo dawa yenu?"

"Hapana."

Nilimweleza yote, habari ya ndui, mbebaji na mzigo. Nilimwambia walikufa waliochanjwa na wasiochanjwa. Nilimwambia kwamba sasa tunajua kosa lilipo, na kama si wao tungeipeleka vijijini ikiwa haifai na watu wangeiamini. Alisikiliza akisukuma kuni.

"Ile sauti," alisema. "Ile ya kuku. Imekataa kutoka kwa masikio yangu." Aliacha kuni. "Nilipofika hospitali siku ile Kihara alikuwa ameshafunikwa. Wote waliniambia, ati alilala tu. Pasta alisema alilala tu. Kila mtu. Wewe ndiye ulikuwa hapo. Alilala tu?"

Mimi pia nilikuwa miongoni mwa waliosema hivyo.

"Hapana, Mama."

"Niambie."

Nikamwambia. Kwamba alipumua kama wale kuku, shingo imenyooka, siku mbili za mwisho. Kwamba waliishiwa na hewa ya mtungi wodini, mtungi mwingine ukachelewa kuja, na nilikimbia kwenye korido nikiuliza kila aliyevaa nyeupe. Kwamba hakuweza kusema ila aliandika kwa kidole kwenye kiganja changu, na sikuelewa aliandika nini, nikamwambia rudia, akarudia, na bado sikuelewa. Kwamba alifungua macho mwishoni na yalikuwa na hofu. Nilisema mambo hayo yote kwa sauti ileile, nikasikia mahali fulani katikati sauti inabadilika, ikawa nyembamba, nikaendelea tu mpaka mwisho kwa sababu nilijua nikisimama sitaanza tena.

Mama Wacera alilia bila kufunika uso. Alilia kwa muda mrefu. Kisha akaushika mkono wangu, huu wa kulia, akaukunjua kiganja akakitazama, kama mtu atakayeona kitu kilichoandikwa.

"Asante," alisema. "Wengine walinificha mtoto yangu."

Baadaye alisonga ugali, tukala na mboga. Ndipo akauliza, akiosha sufuria, mgongo umenigeukia:

"Huko Kangari kuku zinaisha. Hakuna dawa ya zamani?"

"Ipo, Mama. Na inafanya kazi. Shida ni kwamba chupa moja ni ya kuku mia tano, na ikishachanganywa lazima iishe saa hiyo hiyo. Mtu mmoja haimfai."

"Ni nani alikwambia ni mtu mmoja?"

Aliweka sufuria chini. Akaanza kuhesabu nyumba kwa vidole: Magdaline, Waithira, wale wa juu ya bonde, wale wa chini karibu na kiwanda cha kahawa, mjane wa fundi cherehani. Vidole viliisha akaanza tena.

"Mia tano ni kidogo," alisema. "Leta mbili."

Jumanne, 3 Septemba

Nilimwomba Ngatia ruhusa. Vyumba vyetu vimefukizwa na hakuna jaribio linaloendelea. Alisema gari la kituo haliwezi kwenda kwa kazi isiyo ya kituo. Baadaye alirudi mlangoni akasema Peugeot yake inaweza.

Jumatano, 11 Septemba

Nilinunua chupa mbili mjini, ziko kwenye friji. Watiri ataleta vidondoshio vya kutilia matone. Jua limeonekana kwa muda mrefu leo, baada ya wiki nyingi. Nilisimama nje nikapoteza hesabu ya saa.

Jumamosi, 14 Septemba

Tulifika Kiriaini asubuhi, kisanduku cha barafu kwenye magoti yangu. Nilitarajia wanawake kumi, labda kumi na tano. Uwanja wa kanisa ulikuwa umejaa. Kuku walikuwa ndani ya vikapu, ndani ya maboksi ya sabuni, kwapani, ndani ya magunia yenye matundu. Mzee mmoja alimleta tetea wake ndani ya koti alilokuwa amelivaa, kichwa kinachungulia kwenye kifungo. Mama Wacera alikuwa ameshawapanga kwa nyumba, na aliyejaribu kuruka foleni alirudishwa nyuma kwa jina lake lote la ubatizo.

Alivuta benchi, akaketi mbele yangu magoti kwa magoti, akaanza kunishikia kuku. Mkono mmoja chini ya mabawa, mwingine unageuza kichwa. Watiri alichanganya chupa ya kwanza, na tangu hapo ilikuwa mbio.

Kuku hufumba jicho, unangoja. Akifumbua, unatia.

"Ingine," alisema Mama.

Daktari Ngatia alikaa ndani ya Peugeot na gazeti. Nilimwona analishusha, analiinua. Baadaye mlango ulifunguka, akatoka, akavua koti, akaiingiza tai ndani ya shati, akamwomba Watiri kidondoshio cha pili. Waithira, mwanamke mnene mwenye kucheka, alimshikia jogoo wa kwanza, jogoo akamnyea mkono wa shati, na uwanja mzima ulicheka, naye akacheka. Sikuwa najua kwamba ana pengo.

Chupa ya pili ilifunguliwa kabla ya saa sita. Jua lilikuwa limetoka kweli. Manyoya yalinishika kwenye nyusi. Mgongo ulianza kuuma, halafu shingo, halafu kidole gumba, na nilivihisi vyote, kimoja kimoja. Mama Wacera hakuinua macho hata mara moja. Alikuwa na jasho juu ya mdomo.

"Mwakani utaleta vifaranga?" aliuliza katikati ya kuku wawili.

"Nikileta, utawaweka?"

"Kibanda iko. Ni waya tu nitafungua."

Nikatia tone. Akamwachilia yule, akapokea mwingine.

"Mama," nilisema, "nina njaa."

Hapo ndipo alinitazama. Alinitazama vizuri, kama mtu anayepima kitambaa.

"Bado za mjane na za Magdaline," alisema. "Maliza kwanza. Githeri iko kwa moto."

Akanigeuzia jicho la kuku.